Saa ya Sitini na Moja

Fomu ilitaka saa sitini za kuhudumia jamii,
sahihi ya mwenyeji, muhuri wa idara,
na kisanduku cha mwisho: "Umejifunza nini?"
Mistari mitatu, usizidishe.

Basi la chuo likatupandisha juu ya Oruro,
kwenye mtaa ulioushika mlima kwa kucha,
na nyuma yake shimo la bati
lililoachwa wazi kama kinywa cha mtu
aliyelala na deni.

Dokta Arancibia alikuwa ametuonyesha ukutani
ramani ya ulimwengu isiyo na mipaka.
"Mnakwenda kuwa raia wa dunia," alisema,
umeme ukakatika.

Mama Saturnina Colque aliposikia neno hilo kwangu
alicheka hadi ndoo ikamwagika.
"Raia wa dunia! Mimi uraia wa kata hii tu
wananizungusha mwaka wa tisa:
njoo kesho, leta picha, picha imechakaa,
tarehe yako ya kuzaliwa haisomeki.
Haya, raia, shika kamba."

Nikashika kamba.
Nikajaza chupa nne, nikaandika saa na joto la maji,
vidole vimekufa ganzi,
naye ananitazama kama mtoto
anayepika udongo.

Kundini alikuwamo Ilkka, kutoka Ufini,
muhula mmoja tu, pua nyekundu, Kihispania cha kukopa.
Akauliza: bati la humu lilikwenda wapi?
Mama Saturnina hakujibu kwa mdomo.
Alinyosha kidole kwenye mfuko wa koti lake,
pale simu ilipokuwa ikiwaka.
Ilkka akaitoa, akaigeuza, akaigeuza tena,
kama aliyeokota pete
akakuta jina la mwingine limechongwa ndani.

Mumewe alichimba miaka ishirini na miwili.
Mapafu yalistaafu kabla yake.

Majibu ya maabara yalikuja Agosti.
Risasi.
Si ile ya bunduki. Hii haina mlio,
huingia na uji, na chai,
na maji ya kumwogeshea mtoto,
kisha hukaa, haina haraka.

Tukaandika ripoti, kurasa arobaini,
Kiingereza kilichopigwa pasi.
Ikasifiwa kwenye kongamano, nchi yenye bahari.
Nikapewa beji.
Saa zangu zikafika hamsini na nane.

Nilipompelekea fomu aliuliza,
"Maji yangu yalisemaje?"
Yamo kwenye ripoti, nikamwambia.
"Na ripoti iko wapi?"
Nilitaka kusema: iko kote duniani,
yeyote anaweza kuisoma.
Akaikunja fomu mara nne,
akaisukuma chini ya sahani ya viazi vikavu.
"Sisaini."

Ikabidi nimpigie bibi yangu kule Challapata,
nimwombe Kiaymara nilichokionea haya shuleni:
neno la kipimo, neno la sumu,
neno la "usinywe".
Hilo la mwisho alilitamka kwa sauti
aliyonikemea nayo nikiwa na miaka minne,
mkono wangu ukaacha kuandika.

Jumapili, uani mwa shule, tukasoma.
Ilkka alishika bango kichwa chini, watoto wakamgeuzia.
Hakuna aliyepiga makofi.
Mwanamume mmoja wa nyuma akauliza: tunywe nini basi?
Katika majedwali yote sita
hapakuwa na safu ya jibu hilo.

Tukashuka wote na ndoo tupu
hadi ngazi za manispaa, tukaketi.
Tuliketi siku tatu.
Ilkka alirudi kwao, akaandikia kampuni iliyotengeneza simu yake.
Hawajamjibu. Ameandika tena.

Mahafali yamepita, jina langu halikusomwa.
Fomu ingali chini ya sahani.
Lori la maji huja Jumanne,
wiki nyingine haliji.

Leo limekuja. Niko foleni na dumu la njano,
dereva ananiangalia viatu,
anauliza huyu wa mjini anataka nini.
Mama Saturnina, mbele yangu, hageuki hata shingo.

"Huyu ni wa hapa," anasema. "Mjazie."